Watoto watatu, siku tano, na bahari ambayo hawajawahi kuiona

Swali: "Shikamoo. Sisi ni wa Singida mjini, mimi na mume wangu na watoto watatu: mkubwa ana miaka 13, wa kati 8, wa mwisho 4. Hakuna kati yao aliyewahi kuiona bahari. Tunakuja Dar kwa siku tano mwishoni mwa Juni, shule zikiwa zimefungwa, na tutafikia kwa wifi yangu Kimara. Hela si nyingi. Ndugu na marafiki wameniandikia orodha ya sehemu kumi na nane za kupeleka watoto. Tuanze na zipi, na zipi tuziache?"

Marahaba, mdogo wangu. Orodha yako nimeisoma hadi mwisho na sijaona sehemu mbaya ndani yake. Ila ukitaka kuzimaliza zote kumi na nane kwa siku tano, watoto watarudi Singida wakiijua foleni ya Dar kuliko Dar yenyewe. Nimezungusha wanafunzi na familia katika jiji hili kwa zaidi ya miaka ishirini. Kila ninapokutana na watoto hao baadaye, wananitajia kivuko, mwendokasi, na kaa aliyewatoroka akaingia mchangani. Majengo niliyowaonyesha kwa jasho hawayataji.

Kwa hiyo chukua upande mmoja wa jiji kwa siku, na jambo moja kubwa kwa siku. Na kabla hujapanga siku ipi iwe ya nini, tazama mwezi. Hili la mwezi ndilo familia nyingi za bara hazijui, na ndilo linaloharibu safari nyingi, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita tatu kwenda juu. Ufuko ukiwa tambarare, mita hizo tatu ni mwendo mrefu wa miguu. Nimeona familia zimeshuka kwenye gari saa nne asubuhi na mataulo mabegani, wakakuta miamba, majani ya baharini na madimbwi, na bahari yenyewe imekaa kule mbali. Baba ananuna, watoto wanauliza maji yamekwenda wapi. Hakuna aliyewadanganya, wamekuja saa ya kupwa.

Kwa pwani ya Dar, hesabu ya haraka ni hii. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa kabisa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika hamsini. Baada ya wiki moja hivi, mwezi ukiwa nusu, mambo yamegeuka: maji hujaa asubuhi na kupwa alasiri, nayo hayaendi mbali sana wala hayapandi sana. Hayo ndiyo maji mafu. Ukiijua tarehe ya mwezi, unajua siku ipi ni ya kuoga na siku ipi ni ya kutembea juu ya miamba. Zote mbili ni nzuri kwa watoto, mradi usizichanganye.

Jambo la pili ni upepo. Mwishoni mwa Juni ni msimu wa kusi. Hali ya hewa ni tamu, jua haliunguzi kama la Januari, na masika yameshapita. Lakini kusi huchafua bahari, hasa mchana ukishapanda. Chochote kinachohusu boti kifanyike asubuhi.

Sasa safari yenyewe, na inaanzia nyumbani kwenu. Kama mmepanga kupanda basi moja kwa moja hadi stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, ni rahisi kwa kuwa Kimara iko jirani. Hata hivyo naomba mfikirie kushuka Dodoma na kumalizia kwa treni ya SGR, angalau mara moja, kuja au kurudi. Inafika kilomita 160 kwa saa, inapita kwenye mahandaki ya milima ya Kilosa, na mtoto wa miaka minane akikaa dirishani hatasinzia. Watoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu nauli. Kata tiketi mapema, msimu wa likizo viti huisha. Mkifika stesheni ya Dar, kituo cha mwendokasi cha Gerezani hakiko mbali, na kutoka hapo mabasi yanakwenda Kimara.

Siku ya kwanza ya kutoka, wapeni bahari. Ningeifanya hivi. Subirini Kimara hadi saa tatu, watu wa kazini wakiwa wameshapungua, maana mwendokasi wa alfajiri si wa kupanda na mtoto wa miaka minne. Pandeni linalokwenda Kivukoni. Mkishuka mwisho wa njia, kivuko cha Kigamboni kiko hapo hapo. Usiwaambie watoto kuwa mnakwenda kuona bahari. Waache waione wenyewe wakiwa juu ya pantoni, katikati ya wachuuzi, bodaboda na mikokoteni. Kivuko hukata mdomo wa bandari, na mlango huo ni mwembamba. Mkibahatika, meli kubwa ya makontena itakuwa inaingia, na kivuko kitaisubiri ipite. Mtoto aliyekulia Singida hajawahi kuona kitu kirefu kama jengo la ghorofa kikitembea mbele yake kimyakimya. Safari ni ya dakika chache na nauli ni ndogo sana. Sijui kitu kingine Dar kinachompa mtoto furaha nyingi hivyo kwa hela kidogo hivyo.

Ng'ambo, chukueni bajaji hadi fukwe za Mjimwema. Sehemu nyingi zina kiingilio, na baadhi hukihesabu kama sehemu ya chakula mtakachoagiza. Ulizeni mlangoni kabla ya kulipa. Bahari ya upande huo iko wazi, na kwa kusi mawimbi yana nguvu. Watoto wenu hawajui kuogelea baharini hata kama wamewahi kucheza kwenye maji mengine. Wa miaka minne asipite magoti, na awe ameshikwa mkono. Wa miaka kumi na mitatu ndiye ninayemwogopea zaidi, kwa sababu atajiona mkubwa. Mpangieni mwisho kwa alama: "usipite usawa wa ile ngalawa." Mtu mzima mmoja kazi yake iwe kutazama maji, hana simu mkononi, mkipokezana na shemeji kila nusu saa.

Watakuuliza kwa nini maji yana chumvi. Hapo una bahati kuliko wazazi wa mikoa mingine, maana nyumbani kwenu kuna Singidani, ziwa la chumvi. Waulize wao kwanza ni kwa nini Singidani ina chumvi. Maji ya mvua huosha chumvichumvi za mawe na udongo na kuzipeleka bondeni. Ziwa halina pa kuzitolea, jua linapandisha maji peke yake, chumvi inabaki. Bahari nayo hupokea kutoka mito ya dunia nzima namna hiyo hiyo. Nimewahi kumsikia mtoto mmoja wa darasa la tatu akilimalizia somo hilo mwenyewe: "Kwa hiyo bahari ni Singidani ya kila mtu."

Siku ya kupwa, kama tarehe zenu zitaangukia bamvua, nendeni Coco Beach asubuhi. Wenyeji wengi huja jioni, na Jumapili ufuko hujaa watu hadi hakuna pa kutandika khanga. Asubuhi ya maji kupwa ni mahali pengine kabisa. Mwamba wa matumbawe unajitokeza, na kwenye madimbwi yake mmebaki samaki wadogo wa rangi, kaa, na kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota mwenye mikono mitano. Waambieni watoto watazame na waguse kwa kidole kilicholowa, wakigeuza jiwe walirudishe lilivyokuwa, na wasiondoke na kiumbe hai mfukoni.

Kila mtu avae yeboyebo au raba za zamani. Hili nalisema kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita niliwapeleka wapwa zangu mwambani, na mmoja nikamwacha apite peku kwa kuwa kiatu chake kilikatika mkanda, nikaona ni hatua chache tu. Alikanyaga yule mnyama wa miiba mirefu myeusi, anayefanana na nungunungu mdogo. Miiba ilikatikia kwenye unyayo. Mvuvi mmoja mzee alitusaidia kumtuliza na kumpaka utomvu wa papai bichi, kama wafanyavyo watu wa pwani, kisha tukaenda zahanati. Mtoto alipona, ila siku ile ilikwisha saa nne asubuhi, na kosa lilikuwa langu.

Tahadhari nyingine ya mwambani: maji yanaporudi hayaji kwa mbele tu. Hupita kwenye mikondo ya chini na kujaza mabonde yaliyo nyuma yenu, kati yenu na ufuko. Mkishajua saa ya mwisho wa kupwa, anzeni kurudi saa hiyo hiyo, msisubiri kuona maji yakisogea.

Mkitoka hapo mtakuwa na njaa. Kuleni mihogo ya Coco, ile ya kukaanga, na kachumbari na pilipili pembeni. Mdogo mwambieni muuzaji asimtilie pilipili. Halafu, badala ya kupanda gari kurudi moja kwa moja, piteni Morogoro Stores hapo hapo Oysterbay, kwa wachoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, akaja mjini kutafuta maisha, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za kupakia baiskeli, juu ya hadibodi. Alifariki mwaka 1972, akiwa na miaka michache tu ya uchoraji, lakini mtindo aliouacha umebeba jina lake hadi leo. Hapo watoto hawaonyeshwi picha ukutani peke yake. Wanamkuta fundi amekaa chini anamaliza madoa ya chui. Wa miaka minane akae dakika kumi amtazame mmoja tangu mstari wa kwanza. Hakuna anayewadai kununua, ingawa picha ndogo ni zawadi nzuri kwa wifi aliyewapokea.

Siku ya mjini mwanzeni mapema, na ikiwezekana iwe Jumamosi. Nendeni soko la samaki la Feri, pale karibu na kivuko. Mkubwa atalipenda. Ngalawa na boti zinashusha, madalali wananadi kwa sauti, na kwenye meza kuna changu, kolekole, nguru, taa bapa kama ungo, ngisi, pweza. Vijana wa kupara samaki wanarusha magamba hadi usoni. Sakafu imelowa na ina utelezi, wabebaji wanapita kwa kasi na hawasimamii mtu. Huyu wa miaka minne abebwe mgongoni au abaki na shangazi yake, mkutane naye mjini baadaye. Ukimpa mtoto mkubwa hela kidogo na kumwambia akanunue fungu mwenyewe, apatane mwenyewe, atakuwa amejifunza kitu ambacho hakuna shule inayofundisha. Samaki mkaangiwe hapo hapo, mle.

Kutoka Feri mnaweza kutembea hadi Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert. Msizunguke yote. Ningekwenda kwenye vitu viwili. Cha kwanza ni historia ya fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililopatikana na mtafiti Mary Leakey huko Oldupai tarehe 17 Julai 1959, lenye umri wa miaka takriban milioni 1.75. Mwelekeze mkubwa atazame magego yale makubwa, yaliyosaga chakula kigumu, kisha apitishe ulimi kwenye magego yake mwenyewe. Na mwambie jina hilo limetoka kwenye Zinj, jina ambalo wasafiri wa Kiarabu waliliita eneo hili la pwani zamani sana. Ndilo limo ndani ya neno Zanzibar pia. Cha pili ni magari ya zamani ya viongozi, likiwemo Rolls-Royce lililomhudumia Mwalimu Nyerere. Kwenye bustani ya makumbusho kuna kumbukumbu ya waliouawa kwa bomu kwenye ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998. Huyo wa miaka 13 ana umri wa kuelezwa, kwa upole na kwa ufupi. Wadogo waache wacheze chini ya miti, wameshachoka.

Bebeni vitambulisho vya taifa. Kiingilio cha Mtanzania kwenye makumbusho na hifadhi ni kidogo mno ukilinganisha na cha mgeni wa nje.

Siku nyingine iwe ya Kijitonyama, kwenye Kijiji cha Makumbusho. Kituo cha daladala chenyewe kinaitwa Makumbusho, kwa hiyo hampotei. Humo kuna nyumba za asili za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi, na watoto wanaingia ndani. Anzeni na tembe ya Wagogo. Kwenu mnazijua tembe, nyumba za paa bapa la udongo, na pengine bibi yao alizaliwa kwenye moja. Kisha waingie msonge wa Wahaya, mviringo uliofunikwa nyasi hadi chini, halafu nyumba ya Kizaramo ya pande nne. Waulize kwa nini mtu wa nchi kavu ajenge paa bapa na mtu wa nchi ya mvua nyingi ajenge paa la kuteremka. Wakilijibu hilo wameshaelewa nusu ya jiografia ya Tanzania. Mara nyingi alasiri huwa kuna ngoma. Ulizeni mlangoni saa ya kuanza. Mwenge, kwa wachonga vinyago, ni jirani, na watoto wanaruhusiwa kunusa vumbi la mpingo na kunyanyua kipande waone kilivyo kizito. Mlimani City ipo njiani mkihitaji choo safi na aiskrimu. Kwenda huko kama safari ya siku nzima sikushauri, maduka ni maduka.

Imebaki siku moja, na hapa ndipo uwezo wa mfuko utaamua. Ningechagua kisiwa. Bongoyo na Mbudya ni hifadhi za bahari tangu mwaka 1975. Boti za Bongoyo huondokea Slipway, Msasani, safari ya kama nusu saa. Za Mbudya huondokea upande wa Kunduchi na ni fupi zaidi. Mchanga ni mweupe, kuna mabanda ya kivuli, na maji yana uangavu ambao huuoni bara. Nendeni na boti ya kwanza na rudini kabla ya alasiri, kwa sababu ya kusi. Kila mtoto avae jaketi la kuokolea linalomtosha kabla boti haijaondoka. Nahodha akisema la mdogo halipo, shukeni, hata kama mmeshalipa. Na upepo ukiwa mkali tangu alfajiri, ahirisheni, kisiwa hakihami.

Kama boti imewashinda kwa bei au kwa hofu, mtakuwa na Sabasaba. Maonyesho huanza tarehe 28 Juni kwenye viwanja vya Mwalimu Nyerere, barabara ya Kilwa, na huendelea hadi Julai. Nendeni siku ya kawaida ya wiki, asubuhi. Tarehe 7 Julai yenyewe msithubutu na mtoto mdogo, umati ni mkubwa mno. Andikeni namba ya simu ya baba kwa kalamu ya wino kwenye mkono wa kila mtoto, juu ya kiwiko ambako haifutiki kwa jasho. Hili fanyeni pia Feri na kwenye kivuko.

Bustani za michezo ya maji za Kunduchi mmeandikiwa mara tatu kwenye orodha. Watoto huzipenda, na siwazuii. Lakini kwa mtoto ambaye hajawahi kukanyaga bahari, bwawa lenye mitelezo linaweza kusubiri safari ya pili. Kariakoo na watoto watatu, hapana. Kama kuna nguo za kununua, shemeji aende peke yake. Bagamoyo ni nzuri mno kuibana kwenye nusu siku. Zanzibar kwenda na kurudi siku moja itawagharimu hela nyingi na mtakachokumbuka ni kutapika kwenye boti. Msitu wa Pugu, na popo wanaotoka jioni kwenye mapango ya machimbo ya kale ya udongo mweupe, uhifadhini hadi mdogo awe mkubwa wa kutembea bila kubebwa.

Tarehe hukuniandikia. Ukishakata tiketi nitumie siku mtakayofika na siku mtakayoondoka, nikuhesabie maji ya kila siku, saa ya kujaa na saa ya kupwa, ujue ni asubuhi ipi ya kuwapandisha kwenye kivuko.